Kotesheni zinanimaliza, nifanyeje zijitume zenyewe?

bahari_mashuka
Asalaam aleikum jamani, nisaidieni. Nina duka la mtandaoni nauza mashuka, taulo na neti za mbu, stoo iko Kongowea hapa Mombasa na wateja wangu wengi ni wenye nyumba za wageni huku Nyali, Mtwapa na ng'ambo Diani. Vitu vya rejareja bei iko pale pale kwa tovuti ila vya jumla nimeweka kitufe cha "omba kotesheni", yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, na hapo ndo balaa lilipo, maana maombi mengine yaja kwa imeli, mengine WhatsApp, mwengine anituma voisi ya dakika tatu ndani yake ataka mashuka sita, mara yawe nane, kisha aulizia na mapazia ambayo mimi hata siuzi. Mimi na binamu yangu twakesha mpaka saa sita za usiku tukipiga hesabu kwa kikokotoo na kuandika kwa Word moja moja. Juzi mteja wa Diani alingoja siku mbili, kumtumia aniambia dadangu nshanunua kwengine. Wallahi roho iliniuma. Nataka mtu akiomba tu imfikie hapo hapo mimi nimelala. Yawezekana? Na msiniambie niajiri mtu, hiyo pesa sina.

fundi_wa_fomu
Waaleikum salaam dada. Yawezekana, tena kwa vitu vya bure, lakini usikimbilie mtambo kabla hujatengeneza fomu. Mtu ukimuachia kisanduku kitupu atakuandikia "mashuka bei gani" basi. Weka Google Forms: bidhaa achague, saizi achague (4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6), idadi, mahali pa kupelekewa, anataka lini, imeli na namba ya simu. Hiyo saizi usimuachie mtu aandike kwa mkono wake hata siku moja. Kuna jamaa nilimtengenezea, kijana wake wa dukani akawa anajaza 5/6 kwa Google Sheets nayo yaigeuza tarehe, tukakuta mteja ameagiza shuka la mwezi wa sita 😂

Fomu ikijazwa majibu yaingia Sheets yenyewe. Ukurasa wa pili weka bei zako, fomula ya VLOOKUP itafute bei, izidishe kwa idadi, na kama umesajiliwa VAT ongeza ile 16%. Kisha kuna Apps Script iko humo humo ndani, yaani skripti ya maagizo yanayojiendesha, hiyo yakopi templeti yako ya Google Docs, yajaza jina na hesabu, yageuza PDF na kumtumia mteja. Gmail ya bure yaruhusu skripti kutumia watu 100 kwa siku, kwako wewe hiyo ni tele.

mzee_wa_korja
Binti yangu, huyo kijana asema kweli lakini hapo pa kujituma yenyewe ndo mimi niliungulia. Nauza leso za jumla. Niliwekewa mtambo kama huo, mteja akaandika kwa maelezo "leso korja 3" na kwa idadi akatia 3. Mtambo utajuaje korja ni leso 20? Ukapiga hesabu ya vipande vitatu ukamtumia, na mtu kaja mpaka mlangoni na karatasi yake kaichapisha, "mzee, hii si ya kwako?" Nikamueleza, akacheka, lakini hakununua na hakurudi. Na bei za nguo mwazijua zinavyoruka, konteina mpya likiingia bei ya jana si ya leo. Mwisho wa kotesheni andika ni halali siku 7, la sivyo mtu atakuja nayo baada ya Ramadhani.

fundi_wa_fomu
Mzee hapo umenipiga, sina jibu 😅 Basi dada ongeza swali la kipimo: kipande, jozi, dazeni, korja, achague. Na skripti badala ya kutuma iache drafti ndani ya Gmail, wewe asubuhi na jioni wafungua, waangalia jumla kama yaingia akilini, wabonyeza tuma. Ni kama nusu dakika kila moja. Kilichokuwa chawakesha ni kuandika na kupiga hesabu, si kubonyeza. Ukishazoea, oda ndogondogo za bei isiyobadilika ziruhusu zende zenyewe.

nuru_likoni
Mimi nauza vyombo, sijui skripti wala nini lakini WhatsApp Business imeniokoa. Weka ujumbe wa kutokuwepo uwe na linki ya fomu, tengeneza majibu ya haraka, na kila mteja mpige lebo: ametumiwa, anafikiria, amelipa. Wale wa "anafikiria" siku ya pili nawauliza salama? Nusu ya mauzo yangu ni hapo, siyo kwa kotesheni yenyewe. Na dilivari usiisahau kwa hesabu, wa Diani kama gari yapita feri au Dongo Kundu gharama si ya mtu wa Nyali. Halafu hiyo shiti ya kompyuta (siyo unazouza) usiiache wazi kwa kila mwenye linki, mna namba za watu humo.

bahari_mashuka
Mungu awabariki. Swali dogo, hizi kotesheni nazo zaingia eTIMS, ule mfumo wa ankara wa KRA?

mzee_wa_korja
La, kotesheni si ankara. Akishanunua ndo wamtolea ankara ya eTIMS.

bahari_mashuka
Narudi na ripoti. Fomu iko hewani tangu Jumapili na drafti zaingia vizuri, jana nimelala saa nne. Wa voisi hawataki kubadilika kabisa kwa hivyo binamu awasikiliza na kuwajazia fomu yeye mwenyewe. Na mteja wa kwanza kabisa kuijaza alichagua neti, 6 kwa 6, vipande 10, Mtwapa, kisha kwa maelezo ya ziada akaandika: "bei?"