Vyumba viwili, breka moja: kadirio la mzigo lipi la kuamini, kibandiko, LUKU au klempu?

Mpangaji wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Vyumba vyetu viwili viko kwenye breka moja ya soketi, 20A. Kwangu kuna friji ndogo, TV na pasi. Jirani ana jagi la umeme na jiko la koili mbili. Jioni breka inakata, tena si papo hapo, inavumilia kwanza. Kabla hatujanyoosheana vidole nataka kujua nani anavuta kiasi gani. Nisome vibandiko tu, nihesabu miwako ya taa ya LUKU (mita yetu ya kulipia kabla), au ninunue kifaa cha kupimia?

FundiWaya
Mkuu, anza na kibandiko, ni bure. Gawa wati kwa 230 upate ampea. Jagi la 2200W ni kama 9.6A, jiko la 2000W 8.7A, pasi ya 1600W 7A. Hapo umeshapita 25 na friji hujaigusa. Kitu cha kutoa joto, kibandiko chake kinatosha.

Kuhusu kuvumilia: breka ya 20A haikati ikifika 20. Kwa viwango vyake inatakiwa ishikilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima, na ikifika mara 1.45, yaani 29A, iwe imekata ndani ya saa. Katikati hapo inategemea breka yenyewe na joto la boksi. Wakati huo waya unachemka.

Bi Mwanaidi
Kaka Fundi, kwa pasi sawa. Kwa maikrowevu hapana: ile 800W ya mbele ni nguvu inayoingia kwenye chakula, ukutani inavuta 1200 hivi. Na friji, kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya kilichoandikwa, kitambo tu, kisha inatulia.

Mimi naamini LUKU. Kando ya taa inayowaka na kuzima pameandikwa mfano 1000 imp/kWh, yaani inawaka mara 1000 kwa kila uniti. Acha kifaa kimoja tu, hesabu sekunde za miwako 10, ugawe kwa 10. Kisha 3600 gawa kwa jibu hilo. Sekunde 2 ni 1800W. Mita yako ikiandikwa namba nyingine, badala ya 3600 weka 3,600,000 ugawe kwa namba hiyo.

Mpangaji wa Mbagala
Dada, LUKU ni ya nyumba nzima, tuko wapangaji sita. Nani atakubali kuzima friji yake kwa ajili ya hesabu zangu?

Bi Mwanaidi
Basi pima kabla na baada ya kuwasha, toa tofauti. Friji ya mtu ikianza katikati, rudia. Kazi ya asubuhi hiyo, si ya jioni.

Mwana wa Kisauni
Huku Mombasa nimejaribu zote. Kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi ni kizuri kwa friji: kiache siku nzima kisome uniti. Klempu, mita yenye taya inayobana waya kwa nje, inasoma mzigo wa breka nzima kwa mara moja, ambao ndio unaoutafuta, ila ibane waya mmoja tu. Ukibana laini na nyutro pamoja inasoma sifuri, na wengi hudhani mita imekufa. Kufungua boksi mwachie fundi.

Jambo jingine, jioni umeme hushuka. Kwa volti 200 jagi la 2200W linabaki na kama 1660W. Ukipima jioni na mchana hutapata namba moja, usishtuke.

Mpangaji wa Mbagala
Asanteni. Mwenye nyumba anasema ataleta mtu aweke breka ya 32A tumalize maneno.

FundiWaya
Asithubutu kabla waya haujaangaliwa. Soketi nyingi zimevutwa kwa waya wa 2.5mm, na ndani ya bomba ukutani waya huo haubebi 32A kwa raha. Breka inalinda waya, hailindi jagi. Kwa sasa pasi ipigwe asubuhi, jagi lisiwake jiko likiwaka. Kisha jirani avutiwe laini yake. Jiko limechomekwa wapi?

Mpangaji wa Mbagala
Kwenye ekstensheni. Waya wake umeandikwa 3x0.75, yaani nyaya tatu za 0.75mm.

FundiWaya
Huo ni wa 6A, na jiko linavuta 8.7A. Jiko lichomoeni usiku huu huu.