Karoti, vidonge na macho ya uzeeni: kipi husaidia kweli?

Muulizaji
Ndugu wanajukwaa, salaam. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 69, amepimwa macho na kuambiwa kwamba makula, yaani ile sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayotuwezesha kusoma na kutambua nyuso, imeanza kuchakaa na imefikia hatua ya kati. Tangu siku hiyo anatafuna karoti asubuhi na jioni, na jamaa mmoja amemletea chupa ya vidonge ambavyo, kwa mujibu wa lebo, vina beta-karotini, ile rangi ya karoti, miligramu 15. Aliacha sigara miaka tisa iliyopita. Je, vidonge hivyo vinamfaa? Na mimi mwenye miaka 44, nisiye na tatizo lolote, nivitumie kujikinga?

Mchangiaji wa kwanza
Pole kwa kuuguza. Kabla ya mengine yote, chupa hiyo iwekwe kando, kwa sababu beta-karotini ya vidonge kwa kiwango kikubwa imeonekana kuongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji wa sigara, na hata waliokwishaacha hushauriwa kuiepuka. Ilikuwemo katika mchanganyiko wa utafiti wa Marekani uitwao AREDS, uliotoa matokeo mwaka 2001, pamoja na vitamini C, vitamini E, zinki na shaba. Mchanganyiko huo ulipunguza kwa takriban asilimia 25, katika muda wa miaka 5, uwezekano wa watu wa hatua kama ya mzee kufikia hatua mbaya zaidi. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2013, uliweka luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2 mahali pa beta-karotini, na huo ndio mchanganyiko wa kumwuliza daktari wake. Vidonge hivyo hupunguza kasi ya ugonjwa tu, havirudishi uoni uliopotea. Kwako wewe, sioni sababu ya kuvinunua: havikuonekana kuzuia ugonjwa usianze.

Mchangiaji wa pili
Naongezea upande wa chakula, ambao unawahusu nyote wawili. Karoti zina sifa kuliko kazi yake. Mwili huzigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika ili jicho lione kwenye mwanga hafifu, lakini mtu ambaye tayari anayo ya kutosha haongezewi uoni kwa kula zaidi. Makula yenyewe hujilimbikizia luteini na zeaksanthini, rangi za manjano zinazochuja mwanga wa buluu, nazo hupatikana kwa wingi katika mboga za majani ya kijani kilichokolea na katika kiini cha yai. Mimi kwa miaka mingi nilichemsha mboga kwa maji matupu, nikijisifu kwamba nayakwepa mafuta, kumbe rangi hizo huyeyuka katika mafuta na bila hata kijiko kimoja mwili hufyonza kidogo mno. Samaki wenye mafuta nao wawepo mezani, ingawa vidonge vya omega-3 havikuongeza faida katika ule utafiti wa pili. Ila kama mzee anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla bila kumweleza daktari, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Muulizaji
Nashukuru sana, chupa nimeiondoa, na warfarini hatumii. Kuna jambo nililidharau: tangu juzi anasema kwamba akifumba jicho la kulia, fremu ya mlango huonekana imepinda katikati. Nilidhani tukiboresha lishe litatulia.

Mchangiaji wa kwanza
Hilo lisisubiri lishe. Mstari ulionyooka kuonekana umepinda, tena ghafla, huweza kumaanisha kwamba mishipa mipya ya damu imeanza kuvuja chini ya retina, na tiba yake ni sindano za ndani ya jicho ambazo hufaa zaidi zikiwahiwa. Mpeleke kwa daktari wa macho leo, na umweleze siku hasa alipoanza kuliona.