Gari otomatiki halipigi stata kwenye P (gia ya kuegesha), lawaka kwenye N (gia huru) tu. Naombeni ushauri (Malindi)

Mama Samaki, Mayungu
Assalam aleikum ndugu zangu. Nina stesheni wagoni ya otomatiki, ndiyo inayonipelekea samaki Watamu na Gede. Siku hizi nikitia ufunguo taa za dashibodi zawaka zote, lakini nikipiga stata, kimya. Hata tik hakuna. Nikiitikisatikisa gia, mara hushika. Jana nimeiweka N, likawaka papo hapo. Fundi mmoja mjini asema stata imekufa, ninunue nyingine. Barafu yayeyuka na wateja wangoja, lakini pesa ya stata si ya kutupa. Je, ni stata kweli?

Kijana wa Maweni
Dada, anza na betri. Upepo huu wa chumvi hula vichwa vya betri upesi sana.

Mama Samaki, Mayungu
Nimepimisha, ni volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Vichwa nimevisugua, na honi yalia vizuri.

Fundi Waya, Mtangani
Mama, usinunue stata bado. Stata mbovu haijui kama gia iko P au N. Kwa gari kama lako, umeme mdogo wa kuiamsha stata hupitia swichi iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi, sisi twaiita inhibita. Kazi yake ni kuzuia gari lisiwake likiwa D (ya kwenda mbele) au R (ya kurudi nyuma). Ndani mna vibati vinavyogusana kwenye P na N pekee. Cha P kikila kutu au swichi ikisogea kidogo, ndiyo haya yako. Taa za rivasi zawaka? Magari mengi huzipitishia humo humo.

Kupima ni rahisi. Vuta handibreki, weka mawe kwenye magurudumu. Shika taa ya kupimia kwenye ule waya mwembamba wa stata, mwenzio azungushe ufunguo gia ikiwa P, kisha N. Ikiwaka N na isiwake P, shida ni swichi au kebo ya gia. Ikiwaka kote na stata kimya, hapo stata ndiyo mbovu. Isipowaka kote, rudi nyuma kwenye rilei, fyuzi na swichi ya ufunguo.

Kijana wa Maweni
Si aunganishe tu zile waya mbili za hiyo inhibita, swichi iachwe nje? Wengi wafanya hivyo.

Fundi Waya, Mtangani
Hapana, mwanangu, nakukataza kabisa. Ukishaziunganisha, gari litawaka hata likiwa D. Mtoto akichezea ufunguo uani, gari larukia watu ukutani. Kuunganisha kwa dakika moja ili kupima, magurudumu yakiwa yamezuiwa, sawa. Kuacha hivyo, la.

Mzee wa Gede
Mama, muulize pia huyo fundi akuangalizie kebo ya gia. Bushi yake (kile kipete cha kwenye kiungo) ikilegea, mkono wa gia wasoma P lakini huko chini kwenye gia boksi haijafika P. Wengi hubadilisha swichi nzima bure kwa sababu hiyo. Na je, injini ilioshwa kwa mashine ya presha karibuni?

Mama Samaki, Mayungu
Shikamoo mzee. Naam, ilioshwa, kwa sababu ya harufu ya samaki. Na taa za rivasi hazikuwa zikiwaka, nilidhani ni balbu.

Leo tumepima: kwenye P taa haikuwaka, kwenye N ikawaka. Kebo haijalegea. Plagi ya swichi ilipofunguliwa, pini mbili zilikuwa kijani tupu na maji yamo ndani. Tumechomoa nyaya ya negativu ya betri, tukazisafisha pini kwa dawa ya kusafishia umeme na kuzikausha. Hata alama ya swichi haikuwa sawa na mfereji wake. Gia ikawekwa N, bolti mbili zikalegezwa, swichi ikazungushwa hadi alama zikakutana, zikakazwa. Sasa lawaka P na N, kwenye D lakataa, na taa za rivasi zimerudi. Mungu awalipe.

Fundi Waya, Mtangani
Alhamdulillahi. Tia grisi ya umeme kwenye ile plagi, na wakiosha injini waifunge kwa nailoni. Tatizo likirudi, badilisha swichi yenyewe. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi ulinganishe idadi ya pini, kwani zafanana kwa macho.

Mama Samaki, Mayungu
Nimekuelewa. Grisi nainunua kesho nikitoka sokoni.