Knopfler au Gilmour: sauti ni ya kidole au ya mashine?

Mpiga Solo, Kondele
Wadau, nisaidieni. Huu mwaka wa pili napiga gitaa la umeme, Stratocaster ya kuiga niliyonunua mtumba soko la Kibuye. Wawili wananinyima usingizi: Mark Knopfler wa Dire Straits na David Gilmour wa Pink Floyd. Wote wamejulikana kwa Stratocaster, lakini ukifumba macho huwezi kuwachanganya. Noti za Knopfler zinadunda na kukatika, kama mtu anayeongea haraka akimeza mwisho wa neno. Gilmour anashika noti moja, anauvuta uzi taratibu, anauacha ulie hadi kifua kinabana.

Jana nilikesha na solo ya mwisho ya "Comfortably Numb" (1979). Noti nyingi nimezipata, lakini nikivuta uzi haufiki pale anapoufikisha yeye. Unabaki njiani, na solo yote inaharibika. Nikimwiga Knopfler kwa peki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, inatoka kavu. Pesa niliyo nayo ni ya kitu kimoja tu. Ninunue pedali ya distoshoni, kile kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti?

Mwalimu wa Kwaya, Khayega
Kwa Knopfler, weka peki mfukoni, ndugu yangu. Yeye hupiga kwa gumba, shahada na kidole cha kati. Kidole kinaunyakua uzi na kuuachia ghafla, ndiyo maana unasikia ule mdundo. Peki haiwezi kukupa hiyo. Halafu weka swichi ya pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi) kati ya ya nyuma na ya katikati, sauti iwe nyembamba kidogo.

Na huku kwetu kitu hiki si kigeni. Marehemu George Mukabi, aliyefariki 1963, alipiga omutibo, mtindo wa gitaa wa Waluhya, kwa gumba na shahada: gumba linatembea na besi, shahada inaimba, na pembeni mwenzake anakwaruza chupa ya Fanta. Baba alinifundisha hivyo nikiwa darasa la sita, kwenye gitaa la mbao lenye nyuzi tano kwa sababu wa sita ulikatika na duka lilikuwa mbali. Nilipomsikia Knopfler redioni mara ya kwanza, nilidhani ni mtu wa kwetu.

Fundi wa Amplifaya, Nakuru
Usinunue pedali bado. Ni kweli Gilmour alitumia pedali ya Big Muff na amplifaya za Hiwatt, lakini hakuna pedali inayovuta uzi. Unavuta kwa kidole kimoja, sivyo? Tumia vitatu: cha pete kwenye noti, viwili vimsaidie kwa nyuma, na nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono. Kabla ya kuvuta, piga noti iliyo freti mbili mbele (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa), ikae masikioni. Hapo ndipo unapokwenda.

Badilisha nyuzi pia. Nyingi zinazokuja na gitaa la mtumba zimeshika kutu. Nunua nyepesi, za unene wa 9. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, tena vya mkono unaobana nyuzi. Alijitengenezea ncha za plastiki, akafunga nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza hadi nusu toni tatu chini ili zisimuumize. Ule uzito wote wa sauti yake ulianzia kwenye maumivu hayo.

Mtu wa Benga, Ahero
Mimi Gilmour ananichosha, nasema ukweli. Msikilize D.O. Misiani, mpiga gitaa wa benga: solo inakimbia juu kabisa kama nyatiti, kile kinubi cha Waluo, haikupi nafasi ya kupumua. Ila kwa Knopfler niko na Mwalimu.

Mpiga Solo, Kondele
Nimerudi. Nyuzi za 9 nimefunga leo mchana, na pesa ya pedali bado iko. Vidole vitatu, Fundi, jamani! Nilipiga noti ya mbele kwanza, nikavuta, ikafika. Nikarudia kama mara thelathini hadi ngozi ya kidole cha pete ikawa nyekundu, na ilifika karibu zote. Mwalimu, gumba langu bado linagoma. Linataka kwenda pamoja na shahada. Nianze na besi peke yake, au vyote pamoja polepole?

Mwalimu wa Kwaya, Khayega
Besi peke yake, wiki nzima. Shahada usiiguse hadi uweze kuongea na mtu huku gumba linaendelea.