Nyumba kubwa ya zamani England inakataa kuuzika, na dalali wimbo wake ni mmoja tu: "Tushushe bei"

Wakuu, hili jambo limenichosha na leo nalitoa lote.

Nyumba ya vyumba sita, ya enzi za Malkia Victoria (1837 hadi 1901) au za mwanawe Edward aliyemfuata, matofali mekundu, dari ya juu, dohani nne kwenye paa. Imekaa sokoni mwaka mzima na ushee. Watu wanakuja, wanaipenda, ofa inatolewa, ofa inakubaliwa, mkaguzi anaingia, na wiki tatu baadaye mnunuzi hapokei simu. Anakuja wa pili, yaleyale. Dalali anasema soko limelala, tushushe bei. Mwenye nyumba anashusha. Wa tatu naye anakimbizwa na kitu kilekile kilichomkimbiza wa kwanza, maana hakuna aliyekigusa!

Bei walikuwa wameshaikubali. Kilichowatoa mbio ni ripoti ya mkaguzi, na maswali ya wakili wao ambayo upande wa muuzaji hakuna aliyekuwa na jibu. Kwa sheria ya England, ofa kukubaliwa haimfungi mtu. Mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa na amana ilipwe (kwa kawaida asilimia 10), yeyote anaweza kujitoa. Nyumba hizi hufia hapo katikati. (Scotland wana utaratibu wao, nauacha.)

Nianze na unyevu, maana ndipo ninapokasirika zaidi.

Ukuta wa nyumba hizi mara nyingi ni mzima, unene wa tofali moja kwa urefu wake, kama milimita 225, bila ule uwazi wa katikati uliokuja kuzoeleka baadaye. Ulijengwa kwa chokaa. Mvua ikiulowesha, maji hutoka taratibu kupitia viungo vya chokaa na upepo unaukausha. Sasa anakuja fundi anakwangua chokaa yote na kujaza saruji ngumu. Saruji inabana. Maji yanabaki kwenye tofali, baridi inayagandisha, uso wa tofali unabanduka kama magamba ya samaki, na ndani lipu inatoa madoa.

Hapo ndipo anapoitwa mtu wa "ukaguzi wa unyevu bure". Anayekagua bure ndiye anayeuza dawa ya kudunga ukutani! Anachomeka kile kipimo cha pini mbili na taa inawaka nyekundu. Kipimo kile kimerekebishwa kwa ajili ya mbao. Kinasoma jinsi umeme unavyopita, na chumvi zilizojikusanya kwenye lipu kwa miaka mingi hupitisha umeme hata unyevu ukiwa mdogo. Kwa usomaji huo anaandika bei ya kutoboa mstari wa mashimo, kubandua lipu hadi kimo cha mita moja na kupiga nyingine ya saruji. Mnunuzi akiipata karatasi hiyo, ama anaikata yote kwenye bei, ama anaondoka. Na chanzo cha maji bado kipo palepale.

Chanzo hutafutwa hivi. Mvua ikinyesha kwelikweli, toka nje usimame. Angalia gata zinazofurika, halafu yale mabomba ya chuma yanayoteremka ukutani. Mabomba hayo yamebanwa karibu mno na ukuta, brashi ya rangi haijawahi kufika nyuma yake, kwa hiyo kutu inakula nyuma na ufa unatokea nyuma. Ukisimama mbele unaona bomba zuri jeusi linalong'aa. Pitisha kioo kidogo nyuma yake, utaona mchirizi wa kijani unaoshuka ukutani, na ukiingia ndani doa la lipu liko usawa huohuo. Kipande kimoja cha bomba kinabadilishwa, basi!

Kisha shuka chini. Ardhi ya nje inatakiwa iwe angalau milimita 150 chini ya ile tabaka ya kuzuia unyevu, ambayo kwenye nyumba nyingi za namna hii ni vigae vya mawe ya sleti vilivyolazwa ndani ya ukuta. Miaka mia na zaidi ya bustani, changarawe na sakafu za nje zilizomwagwa moja juu ya nyingine imepandisha ardhi mpaka imeipita. Ichimbueni. Karibu na hapo kuna matofali ya matundu yanayopitisha hewa chini ya sakafu ya mbao. Mara nyingi yamezibwa na udongo au kupakwa rangi na mtu aliyeona yanaingiza baridi. Hewa ikikosekana, unyevu wa mbao ukapita asilimia 20, kuvu anaanza kula. Yule mbaya kuliko wote, Serpula lacrymans, anaweza kutambaa juu ya matofali kutafuta mbao nyingine. Kufungua matundu sita ni kazi ya asubuhi moja, na bado watu wanaiacha!

Ukisharekebisha, ukuta unahitaji muda. Mafundi wanakadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa milimita 225 unaweza kuchukua miezi tisa. Anayetengeneza gata Jumatatu na kupokea mkaguzi Ijumaa anajidanganya. Kama muda haupo, weka ushahidi: risiti, tarehe, picha za kabla na baada, na vipimo vya sehemu zilezile kila mwezi. Mkaguzi akiona usomaji unashuka kutoka mwezi hadi mwezi, anaandika kwamba ukuta unakauka. Asipoona kitu anaandika "uchunguzi zaidi unahitajika", na maneno hayo matatu yanavunja mauzo.

Naomba mtu anijibu: kwa nini muuzaji asilipie ukaguzi wake mwenyewe kabla ya tangazo? Kuna ukaguzi wa RICS (chama cha kitaaluma cha wakaguzi wa majengo) wa Kiwango cha 3, ambao ndio unaofaa majengo ya zamani na yaliyobadilishwabadilishwa. Mtafute mkaguzi anayejua chokaa, asiyeuza dawa wala kazi. Madalali wanakataza, eti "ukijua utalazimika kusema". Mkaguzi wa mnunuzi ataliona hilohilo! Tofauti ni kwamba ataliona baada ya miezi miwili, mnunuzi akiwa amechoka na benki inauliza maswali, na wewe huna bei ya fundi mkononi.

Sasa dohani. Hili limevunja mauzo mengi na hakuna anayelizungumza. Zamani mtu alitaka sebule pana, akabomoa ule mgongo wa dohani unaojitokeza chumbani. Huko darini na juu ya paa dohani yenyewe imebaki, mzigo mzito wa matofali. Imeshikiliwa na nini? Wakati mwingine boriti ya chuma iliyopigiwa hesabu, wakati mwingine vibano viwili ukutani, wakati mwingine mbao tu. Mkaguzi anaingia chumba cha chini haoni mgongo, anapanda darini anaukuta. Swali la kwanza: cheti cha halmashauri cha kuidhinisha kazi hiyo kiko wapi? Hakipo.

Njia ni mbili, na mtu lazima achague KABLA ya mtu yeyote kupiga simu halmashauri. Ya kwanza ni kuomba halmashauri ihalalishe kazi iliyofanyika bila idhini. Hili linawezekana kwa kazi zilizofanywa baada ya tarehe 11 Novemba 1985. Watataka kuona, kwa hiyo dari itafunguliwa, na pasipotosha patawekwa chuma. Inagharimu, lakini ndiyo inayoondoa hatari. Ya pili ni bima ya fidia, ambayo mawakili huipenda kwa kuwa ni rahisi. Bima hiyo inalipa iwapo halmashauri itachukua hatua, haishikilii tofali hata moja. Na masharti yake ya kawaida ni kwamba halmashauri isiwe imeguswa kuhusu jambo hilo. Simu moja ya dalali mwenye kiherehere, "samahani, mna rekodi ya nyumba hii?", na bima imekufa. Nyumba inabaki haina cheti, haina bima.

Kama nyumba imeorodheshwa kuwa jengo la urithi, mambo ni mazito zaidi. Kufanya mabadiliko yanayogusa sura au thamani yake bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990, na amri ya kurekebisha haina ukomo wa muda. Inamfuata mmiliki mpya, hata kama dirisha lilibadilishwa na mtu aliyehama miaka thelathini iliyopita. Wakili wa mnunuzi analijua hilo na ataliuliza. Kabla ya tangazo, chukua maelezo ya nyumba yaliyo kwenye orodha ya urithi, zunguka nyumba chumba kwa chumba, linganisha na vibali vilivyopo. Kazi ya siku mbili.

Madirisha ya kupandisha na kushusha nayo yanawaponza watu bure. Yamepakwa rangi tabaka kwa tabaka mpaka yamegandana na fremu. Mgeni anasukuma, halisogei, kichwani ameshaandika gharama ya kubadilisha madirisha ishirini. Kumbe ni kukata rangi kwa kisu pembeni, kutoa ubao mwembamba wa ndani, kubadilisha kamba iliyokatika inayobeba kizito ndani ya kisanduku cha fremu, na kupaka nta kidogo kwenye mfereji. Msiyang'oe mkaweka ya plastiki. Na kama yalishabadilishwa tangu Aprili 2002, tafuteni cheti cha FENSA (mpango unaothibitisha kazi za mafundi madirisha) au cha halmashauri, kitaulizwa.

Darini, kama mtu alipuliza povu la kuzuia baridi chini ya vigae, litoeni. Linaficha kenchi zisikaguliwe, na wakopeshaji wengi wanakataa nyumba yenye povu hilo.

Tuje kwenye bei. Sisemi bei haihusiki, nasema inapangwa bila hesabu. Tangu Aprili 2025, mnunuzi wa nyumba ya pauni 1,000,000 analipa ushuru wa stempu pauni 43,750. Kama bado hajauza nyumba yake anaongezwa asilimia 5 ya bei yote, pauni 50,000 nyingine, na atarudishiwa akiuza ile ya zamani ndani ya miaka mitatu. Ndiyo maana wanaotafuta nyumba kubwa karibu wote lazima wauze kwanza, na ndiyo maana mnyororo wao, kila mmoja akimsubiri mwingine auze, ni mrefu na unakatika. Dalali anayeleta ofa bila kuuliza mnunuzi yuko nafasi ya ngapi kwenye mnyororo, na nani chini yake hana mkopo uliothibitishwa, hajafanya kazi yake. Hata kushusha kuna akili yake. Watu hutafuta mtandaoni kwa ngazi. Ukiandika 1,000,000 kamili unaonekana kwa anayetafuta hadi milioni na kwa anayeanzia milioni. Ukiandika 999,950 umempoteza huyo wa pili. Na kushusha elfu tano kila mwezi hakukuingizi ngazi mpya, kunaonyesha tu kwamba umechoka.

Mkataba wa dalali usomeni kabla ya kusaini, jamani. "Haki pekee ya kuuza" maana yake hata ukimpata mnunuzi mwenyewe, jirani yako, kamisheni unalipa. Kuna kifungu cha mnunuzi "aliye tayari, anayetaka na mwenye uwezo": akishapatikana, unaweza kudaiwa hata usipouza. Kateni hicho. Mkihama dalali, dai kwa maandishi orodha ya wote aliowaleta kutazama, la sivyo mnaweza kudaiwa kamisheni mara mbili kwa mnunuzi mmoja. Na kila ofa anatakiwa akuletee upesi na kwa maandishi, hata ile anayoiona ndogo.

NYONGEZA, baada ya maswali ya wadau:

Mliouliza kuhusu nyumba ya marehemu: kutangaza mnaweza, lakini kukamilisha mauzo mpaka msimamizi wa mirathi apate hati ya mahakama. Iombeni mapema. Mnunuzi asiambiwe "iko njiani" kama haijaombwa.

Nyumba ikiwa tupu, piga simu bima leo. Bima nyingi hupunguza ulinzi baada ya siku 30 au 60 bila mtu ndani, na mabomba yaliyopasuka kwa baridi huwa ya kwanza kuondolewa. Fungeni maji kwenye koki kuu na myatoe yote kwenye mabomba kabla ya Novemba, au acheni joto dogo likiwaka.

Mdau aliyeuliza kuhusu fomu TA6 (ile ambayo muuzaji hujaza kumweleza mnunuzi habari za nyumba): ijazwe sasa, kabla ya ofa, ukiwa na faili mezani. Usipojua andika hujui. Ukiandika "hapana" kwenye kitu kilichopo, mnunuzi anaweza kukudai hata baada ya kuhamia.