Kampuni za safari ya siku moja Ziwa Como, acheni kuwauzia watu mnara wa Brunate msikowafikisha!

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kweli kweli, maana hili linawakuta watu wengi wanaotembeza wazazi wao huku Ulaya na kila mtu anameza anakaa kimya.

Mimi naishi Ujerumani, mama yangu mzazi kaja kutoka Lushoto kunitembelea, tukashuka wote mpaka Milano, Italia. Kuna kampuni moja ya utalii, jina naliacha, inauza safari ya siku moja: Ziwa Como, mji wa Bellagio kwa boti, halafu "Brunate na mnara wa taa wa Volta". Picha ya huo mnara ndo wameiweka ya kwanza kwenye tangazo, kubwa kabisa. Mama alivyoiona akasema hapo ndo anataka, mambo ya maduka ya Bellagio hayamhusu. Nikalipa.

Sasa sikilizeni. Brunate ni kamji kadogo kako juu ya mlima, mita 700 na kitu, mji wa Como na ziwa lake viko chini kabisa. Kupanda kuna treni ya kuvutwa na waya, wenyewe wanaiita funicolare, ipo tangu 1894, mwanzo ilikuwa inaenda kwa mvuke, umeme ukaja 1911. Mabehewa ni mawili tu, moja likipanda lingine linashuka, yanapishana katikati, na kupanda kwenyewe ni kama dakika 7. Kwa hiyo hamna namna ya kuongeza behewa la tatu watu wakijaa. Jumapili ya kiangazi foleni inatoka nje ya kituo inaenda mpaka barabarani, na hao jamaa wanaleta watu kila wiki, WANAJUA. Wametupeleka Jumapili mchana, jua kali, mama kasimama kwenye foleni mpaka nikamtafutia pa kukaa kwenye ukingo wa maua. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani tumelipia kupanga foleni?" Nikakosa cha kumjibu.

Tumefika juu, mtembeza wageni anatangaza tuna nusu saa halafu turudi kwenye foleni ya kushuka. Nikamuuliza mnara uko wapi, akanyoosha kidole juu. JUU! Mnara hauko Brunate kituoni pale, uko San Maurizio, inabidi upandishe tena kama nusu saa kwa miguu kwenye njia ya mawe yenye mwinuko mkali. Mama kakulia milimani Usambara, mlima haumtishi, ila ana miaka 70 na magoti yanamsumbua, atapanda na kushuka kwa nusu saa vipi? Hata kijana wa miaka 20 angekuta wameshaondoka. Yaani mnaweka picha ya kitu kwenye tangazo, mnachukua hela ya watu, na ratiba yenu wenyewe hairuhusu mtu kukifikia! Huo ni wizi, nitauita hivyo hivyo.

Nimewaandikia, wamejibu eti tangazo limesema "kutembelea Brunate" na Brunate tumefika, mnara "unaonekana". Unaonekana! Hata kutoka Como mjini unaonekana, sasa nililipia nini?

Kesho yake mimi mwenyewe nikampeleka mama na ndo hasira ikazidi, kwa sababu nimeona ilivyo rahisi. Treni ya kawaida kutoka Milano Cadorna inakufikisha Como Lago, kituo kiko karibu kabisa na ziwa, kama saa moja hivi, nauli haifiki euro 10. Unatembea kidogo kufuata ziwa unafika Piazza De Gasperi, ndo kituo cha funicolare. Siku ya kazi asubuhi, foleni hamna. Juu kuna basi dogo la kupandisha San Maurizio, mama akakaa kwenye kiti chake ametulia. Mnara umejengwa 1927, miaka 100 baada ya kifo cha Alessandro Volta, yule aliyebuni betri, mtoto wa Como huyo huyo, na utotoni alilelewa hapo hapo Brunate kwa mama wa kumnyonyesha. Ndani kuna ngazi 143, mama akabaki chini kwenye benchi mimi nikapanda. Ziwa liko miguuni, na kwa mbali theluji ya mlima Monte Rosa. Tukashuka taratibu tukiangalia majumba ya zamani ya matajiri wa Milano, yana maua ya chuma kwenye mageti, mama anasimama kila bustani anauliza huu mmea gani. Hayo yote wale jamaa waliyapita bila hata kuyataja.

Na nyie mnaorekodi video kwa Kiswahili mnawasifia hawa watu, mnaweka linki chini, mnakula kamisheni, nawaambia wazi: mnawauza ndugu zenu. Mtu kadunduliza hela ili mama yake aone Ulaya mara moja maishani, wewe unamwambia "wadau hii kitu ni moto" na mnara wenyewe hujaufikia, kwenye video yako unaonyesha kituo tu!

Nataka hela yangu ya sehemu ya Brunate, na nataka ile picha itolewe kwenye tangazo. Kuna mdau yeyote humu ameshawahi kubanana na kampuni za Italia mpaka akarudishiwa? Alianzia wapi, benki aliyolipia au mamlaka ya watumiaji ya kule? Wekeni hapa hapa, msije inbox, ili na wengine wasome.