Naomba ushauri: mawakala wa kujitolea na fomu 36A zisizorudi

Wakuu, tawi letu la chama, ngazi ya wadi hapa Kenya, linafanya tathmini ya kura za MCA (mwakilishi wa wadi) na tumekwama kwenye fomu 36A, zile za matokeo ya MCA ya kila kituo. Kila kituo kilikuwa na wakala wetu, lakini fomu zilizofika ofisini ni pungufu, na nyingine ni picha za simu zenye kivuli cha mkono juu ya safu ya kura zilizokataliwa. Bila hizo huwezi kulinganisha kituo kwa kituo na jumla iliyotangazwa, na muda wa kuwasilisha malalamiko mahakamani ni siku 28 tu.

Tatizo kubwa ni uchovu. Kila mpiga kura ana karatasi sita, hivyo kituo cha watu 700 kinaweza kuwa na karatasi 4,200, na za rais ndizo hutangulia kuhesabiwa. Wakala aliyeingia saa kumi na mbili asubuhi huondoka usiku kabla ya kura za MCA kuhesabiwa. (Akishalipwa nauli na chakula asubuhi, nani atamdai?) Wa kumpokea naye huzuiwa mlangoni kwa kukosa barua ya uteuzi au kiapo cha siri.

Tunafikiria kuapisha wawili kwa kila kituo, na nusu ya posho itolewe fomu ikikabidhiwa ikiwa na sahihi na muhuri. Waliojaribu, je, wanaojitolea hawakususia? Na kwa vituo vya mbali, nani alikusanya fomu: msimamizi wa eneo au bodaboda wa kukodi?